Kiti cha Mtu wa Ndani

Spéciose alikuwa jirani yangu hapa Rwezamenyo, jijini, kabla hajawa kiongozi, na alibaki jirani yangu baada ya uongozi kumtoka. Watu wakinitaka nisimulie habari zake hutegemea nianze na vita. Mimi huanza na cherehani, maana ndivyo nilivyomjua.

Alikuwa anafundisha ushonaji katika kituo cha akina mama, chini kidogo ya msikiti. Wanawake wengi wa kwetu walijifunza kwake kukata shingo ya gauni na kupachika zipu. Mimi zipu ilinishinda, akawa ananicheka mbele ya darasa zima. Alikuwa na maneno mengi wakati ule. Mumewe, Évode, alikuwa dereva wa ofisi ya mkoa wa jiji, kwa yule mkuu wa mkoa ambaye sisi tunamwita prefe. Vyama vingi vilipoingia, Évode alichukua kadi ya chama kimoja cha upinzani, akaitia kwenye mfuko wa shati. Spéciose akamwambia, "Hiyo itakutoboa mfuko tu."

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne tulikuwa tukingoja serikali ya mpito, ile waliyokubaliana Arusha. Redio ilisema mawaziri wataapishwa, Évode akaosha magari ya ofisi mpaka ukajiona uso wako kwenye mlango, halafu sherehe ikaahirishwa. Ikatangazwa tena, ikaahirishwa tena. Mara chama fulani kimegawanyika na kila upande una jina lake la waziri, mara kiongozi fulani hakufika. Évode alirudi nyumbani akasema, "Leo nimeosha tena serikali ambayo haipo." Tulicheka. Tulidhani jambo baya kuliko yote ni kungoja.

Watoto wao wawili, Régis na Mutoni, walikuwa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, kwa bibi yao tangu Pasaka. Ndege ya rais ilipoangushwa, Évode alitoka kulipokucha kwenda kuwafuata. Labda hakufika, labda alifika. Hakuna aliyeweza kutuambia. Watoto na bibi yao waliuawa. Spéciose alikuwa kwangu. Mume wangu, Asumani, alikuwa muuza mkaa. Alipanga magunia stoo yakawa kama ukuta, na nyuma yake akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Hapo ndipo Spéciose alipokaa mpaka Julai. Watu walikuja kumuulizia. Asumani aliwajibu mlangoni. Siongezi.

Alipotoka, mkaa ulikuwa umemwingia hadi kwenye kope. Nilimwogesha uani kama mtoto. Siku zote nilikuwa nikimwita Mama Régis, kama desturi. Siku ile nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Tangu hapo nikamwita Spéciose, kama walivyomwita wageni, na yeye hakuuliza kwa nini.

Hakulia. Alikula nilichompa, akalala nilipomtandikia. Nikimwambia chambua maharage, anachambua. Nisipomwambia aache, haachi. Jiji lilikuwa jeupe. Milango imeng'olewa, mbwa wamenona, na barabarani watu wasiojuana wakiulizana njia. Ndugu zetu waliozaliwa uhamishoni walikuwa wakirudi kwa malori kutoka Uganda, Burundi, Zaire, kila mmoja na lugha yake, wakiingia kwenye nyumba walizozikuta wazi.

Nyumba ya Spéciose ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Hakwenda kuitazama. Niliposikia imeingiwa na watu, nilimwambia. Akasema, "Sawa."

Mwisho wa Agosti alikuja kwetu kijana mrefu, shati limenyooshwa vizuri, anaitwa Muhire. Alikuwa amelelewa Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Alisema prefe mpya ameteuliwa na sasa anaunda ofisi ya mkoa, wakuu wa idara zote, kwa sababu waliokuwepo wamekufa au wamekimbia. Prefe anataka ofisi yenye watu wa kila upande. Waliotoka Uganda wamepatikana wengi, wa Burundi wawili, wa Zaire mmoja. Wanakosa mtu wa ndani. Ndivyo walivyowaita waliokuwa hapa nchini wakati wa mauaji.

"Na awe mwanamke, kama iko," Muhire akasema. "Mtaani wamenitajia huyu mama. Wanasema anajua Kifaransa."

Spéciose alikuwa kwenye mkeka na ungo wa maharage.

"Unajua Kifaransa, Mama?"

"Najua."

"Uko chama gani?"

"Sina chama."

Muhire alikuna kidevu. "Hiyo ni nzuri. Au ni mbaya, bado hatujajua. Kazi yenyewe ni idara ya mambo ya jamii. Wajane, yatima, na mambo ya makazi. Unakubali?"

"Sawa."

Nilimwona kijana wa watu amepigwa butwaa. Alikuwa amekuja na maneno ya kumbembeleza, sasa hajui ayaweke wapi. "Hutaki kufikiri kidogo, Mama? Naweza kurudi kesho."

"Nitafikiri nini?" Spéciose akasema, akaendelea na maharage.

Nilimshonea sketi kwa kitambaa cha pazia langu, maana hakuwa na nguo ya kwenda ofisini. Nilimpimia yeye, mwalimu wangu, na pindo likaenda upande. Hakusema kitu. Zamani angenifumulia mbele za watu.

Mkutano wa kwanza alinihadithia baadaye, kwa vipande, na vingine nilivisikia kwa Muhire. Ofisi ilikuwa haina vioo madirishani. Viti vilikuwa vya shule, na prefe mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamepanda. Kwanza walibishana lugha. Waliotoka Kampala waliandika Kiingereza, wa Bujumbura Kifaransa, na Kinyarwanda cha kila mmoja kilikuwa na lafudhi ya mahali alipokulia. Wakaishia Kinyarwanda, na panapokwama wanaingiza Kiswahili. Halafu wakabishana mgawo. Chama hiki kina idara ngapi, kile kina ngapi, uchumi uende kwa nani, na je, mtu aliyetoka Burundi lakini ana kadi ya chama cha huku ahesabiwe upande gani. Wakaambiwa kila mmoja ajitambulishe na aseme ametoka wapi.

"Kampala."

"Bujumbura."

"Goma."

Zamu yake ilipofika alisema, "Rwezamenyo." Watu wote wakatazama meza.

Palikuwa na mwanamke mmoja hakutazama meza. Alikuwa anaitwa Winifred, mzaliwa wa Uganda, msomi wa mambo ya jamii hasa, mwenye shahada, na alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kambi za wakimbizi. Idara ile alikuwa ameahidiwa yeye. Aliinua mkono akasema, "Mimi simkatai huyu mama, na nampa pole. Nauliza tu, ofisi hii itaendeshwa kwa shahada au kwa misiba?"

Wote walikasirika kwa niaba ya Spéciose. Yeye mwenyewe akasema, "Mpeni. Anajua kazi. Mimi nitakaa popote."

Prefe akakataa. Mgawo ulikuwa umeshapelekwa wizarani, na ndani yake palikuwa na mwanamke mmoja wa ndani. Akiondoka yeye, hesabu yote inaanza upya. Basi Spéciose akawa mkuu wa idara, na Winifred akapewa kuwa naibu wake. Wakaapa siku ileile, mkono wa kulia juu, kwamba wataitumikia jamhuri. Nilimuuliza alijisikiaje alipoapa. Alifikiri kwa muda, nadhani kwa ajili yangu. "Mkono ulichoka," akasema.

Sitaki mtu adhani alikuwa kiongozi hodari. Hakuwa, na yeye ndiye wa kwanza kukwambia. Winifred ndiye aliyefanya kazi. Ndiye aliyejua mahema yanaombwa wapi na mtoto asiye na mtu anaandikishwaje, na ndiye aliyekwenda kugombana na mashirika ya wazungu mpaka yakaleta unga. Spéciose alitia sahihi. Wajane walipokuja, alikaa nao kwenye benchi la nje, hawazungumzi, halafu mmoja mmoja wanainuka wanaenda. Mwanzoni Winifred aliona ni kupoteza muda. Baadaye akazoea, akawa anapita na makaratasi yake bila kuwagusa. Hawakuwa marafiki, lakini mchana waligawana chapati.

Kesi nyingi zilikuwa za nyumba. Mwenye nyumba ametokea hai, anakuta familia nyingine ndani, na familia nayo haina pa kwenda. Siku moja Winifred, akipanga kesi za Rwezamenyo mtaa kwa mtaa, alimuuliza bila hili wala lile, "Na wewe unakaa wapi?"

"Kwa Zaituni." Zaituni ndiye mimi.

"Hukuwa na nyumba?"

"Ninayo. Ina watu."

Winifred akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Umekaa hapa unawarudishia watu nyumba zao. Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Siku hiyohiyo Winifred alimleta kwa gari la ofisi, wakanipitia na mimi. Nadhani alitaka awepo mtu anayemjua Spéciose, maana yeye alikuwa bado hajui amshike wapi. Tulibisha hodi. Alifungua mwanamke mwembamba aliyefunga kitenge kifuani, nyuma yake watoto. Jina lake Joselyne. Wazazi wake walikimbilia Burundi kabla hajazaliwa, yeye akazaliwa na kuolewa hukohuko, na mumewe aliuawa katika machafuko ya huko mwaka wa tisini na tatu. Akakimbia upande huu, kwa kuwa hapa ndipo walipomwambia maisha yake yote kwamba ni kwao.

Alitukaribisha vizuri. Alituwekea viti, na viti vilikuwa vya Spéciose, vile alivyovitengenezea matakia mwenyewe. Spéciose akakaa ukingoni, kama mgeni aliyekuja mara ya kwanza.

"Mama," Winifred akasema, "unajua nyumba hii ni ya nani?"

"Tuliambiwa wenyewe wamekufa."

"Karibu wote," Spéciose akasema.

Joselyne alimtazama, akaelewa. Hakubisha wala hakulia. Alisimama, akaanza kukusanya nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya dirishani, moja moja, akizikunja juu ya mkono. Winifred alikuwa ameshatoa karatasi ya kuwapa muda wa kuhama. Chumba cha ndani mlango ulikuwa wazi, na kitandani, kitanda cha Régis na Mutoni, alilala mtoto wa kike mwenye surua, uso umejaa vipele, macho hayafunguki vizuri.

Spéciose alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, sasa kilio kitamtoka. Nilisogea karibu nimshike.

"Msihame," akasema kwa sauti ileile anayotumia kuomba chumvi. "Mtoto hapaswi kupigwa na upepo."

Kwenye gari Winifred alimwambia kwamba amevunja utaratibu, kwamba wenye nyumba wote watasema mkuu wa idara mwenyewe ameshindwa. Spéciose akasema ni kweli. Baada ya wiki moja alihamia huko, yeye kwenye chumba cha mbele, Joselyne na watoto wake vyumba vya ndani. Hakunishauri. Alikunja mkeka wangu, akanirudishia, akasema, "Asante, Mama Amida," akiniita kwa jina la mwanangu. Mimi niliumia. Nilikuwa nimejizoesha kumsikia akigeuka usiku upande wa pili wa ukuta. Asumani akaniambia nimwache, mtu si gunia la mkaa, huwezi kumweka stoo ukasema umemhifadhi.

Habari ya Kanombe sikuipata kwake. Alinisimulia Winifred. Mwezi wa kumi walikwenda uwanja wa ndege kupokea shehena ya mablanketi. Walipomaliza, Spéciose alimwambia dereva apite njia ya nyuma ya kambi ya jeshi, akawa anamwelekeza, kulia, kushoto, hapa. Winifred hakujua wanakokwenda. Walisimama kwenye uwanja uliokuwa na nyumba. Sasa kuna kuta tu, na nyasi zimeota sebuleni. Bibi mmoja jirani akatoka. Alimtambua Spéciose, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wako wapi?" Spéciose akauliza.

Bibi akawapeleka nyuma, kwenye migomba. Ardhi ilikuwa imetitia kidogo.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mwanangu. Na mama mkwe wako. Na wengine wa jirani."

"Na Évode?"

Bibi hakujua. Hakumwona Évode siku ile.

Winifred aliniambia kwamba alingoja, akawa anatafuta ndani ya kichwa chake yote aliyosomea kuhusu watu waliofiwa, hakukuta neno. Spéciose alisimama pale mikono imeshuka. Halafu akamuuliza bibi kama ana blanketi. Bibi akasema hana, yaliibwa. Spéciose akarudi kwenye gari, akachukua blanketi moja la shehena ya serikali, akampa. Winifred, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kuchukua hata sabuni bila kuandika, alitazama pembeni.

Njiani kurudi walizungumza habari za gari, kwamba breki zinalia.

Mwezi wa kumi na moja vyama vilianza tena. Viti vya bunge jipya vilikuwa vinagawanywa, na mgawo wa juu ukavuta mgawo wa chini. Ofisi ya mkoa nayo ikabidi ipangwe upya, ili kila chama kipate kiasi chake. Mtu wa ndani bila kadi akawa ni kiti kisicho na mwenyewe. Nsabimana akamjia. Huyu tulimjua, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na chama chake ndicho kile cha Évode, waliobaki hai wakijaribu kukiinua. Alimkuta Spéciose kwangu, tunachambua mboga.

"Dada yangu," akasema, "sikuja kukusumbua. Chukua kadi yetu tu. Hutaitwa mikutanoni. Kiti kitahesabiwa chetu, na wewe utabaki ulipo."

"Nikikataa?"

"Watatafuta mwenye kadi. Lazima tuseme ukweli."

"Ni ileile kadi?"

"Ileile. Rangi tu imefifia, wametuchapishia vibaya." Akaitoa. Alikuwa ameshaandika jina la Spéciose, imebaki kutia sahihi tu. Nadhani alifanya hivyo kumrahisishia. Tangu Julai mwanamke huyu hakuwa amekataa kitu mbele yangu. Ukimpa chakula sawa, ukimpa cheo sawa, ukimchukulia nyumba sawa.

Aliitazama ile kadi bila kuigusa, maana mikono ilikuwa na maji ya mboga.

"Hapana," akasema.

Nsabimana akangoja sababu. Akairudisha kadi mfukoni taratibu, akatuaga kwa adabu, na mimi nikamsindikiza hadi barabarani. "Nimemkosea?" akaniuliza. Nikamwambia sijui.

Kadi ya chama hicho aliichukua Winifred. Wapo waliomsema vibaya. Mimi simsemi. Alimwendea Spéciose kwanza, akamwambia waziwazi kwamba akikataa yeye pia, idara itapewa mtu asiyejua yatima hata mmoja kwa jina. Spéciose akamwambia achukue. Basi mwanzoni mwa Desemba ofisi ilipangwa upya. Uchumi ukahamia upande mwingine, wa Goma akapelekwa elimu, Winifred akawa mkuu wa mambo ya jamii, na mtu wa ndani safari hii akawa mwanaume mmoja wa Kagugu, mwenye kadi. Walimuaga Spéciose kwa fanta na makofi.

Muhire ndiye aliyemrudisha nyumbani. Nilikuwa pale na Joselyne. Watoto walimpisha kiti, akakaa, akaanza kumweleza jinsi mgawo ulivyokwenda. Alieleza kwa urefu, chama kwa chama, mkoa wa asili kwa mkoa wa asili, kwamba yeye mwenyewe alimtetea mpaka mwisho, kwamba prefe alisikitika, kwamba si kosa la mtu, ndivyo serikali ya watu wengi inavyokuwa. Alikuwa anatoka jasho. Alikuwa mtoto mdogo bado yule, sura imekonda kwa kazi.

Spéciose alimsikiliza mpaka mwisho. "Bwana Muhire," akasema, "kunywa chai, inapoa."

Akanywa. Akaomba radhi tena mlangoni, Joselyne akamfungulia lango.

Tulipobaki wawili nilimuuliza lile nililotaka kumuuliza miezi yote ile, wala sikuwa nauliza habari ya kiti. "Inauma, Spéciose?"

Alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta mahali palepale palipokwisha kukauka.

"Natamani ingeuma," akasema.

Yeye akaniuliza kama nimesikia bomba la chini limeanza kutoa maji, nikasema nimesikia linatoa asubuhi. Akasema basi tuwahi, foleni itakuwa ndefu. Tukapanga tutakutana wapi na nani abebe madumu.